Neno la Waziri na Jalada la Masijala

Niliingia Wizara ya Mambo ya Nje kwa mlango wa masijala. Sikuanza kwenye ukumbi wenye bendera wala kwenye msafara wa kupokea wageni. Nilianza kwenye chumba cha rafu za chuma, mihuri ya tarehe na majalada yaliyokunjika pembe kwa kushikwashikwa. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuigonga muhuri, kuipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kuifunga kwenye jalada lake, kisha kulipeleka jalada kwa afisa dawati anayehusika. Baada ya siku mbili tatu jalada lilirudi na dokezo ndani yake, yaani maelezo mafupi ya afisa, nami nikaandika daftarini limetoka kwa nani na linakwenda kwa nani.

Mkuu wetu wa masijala alikuwa mama mmoja aliyekaa chumbani mle muda mrefu kuliko mawaziri wote aliowahi kuwahudumia. Siku moja alikuta nimeacha jalada mezani nikatoka. Alilifungia kabatini, akaningoja mpaka niliporudi.

“Mwanangu,” akaniambia, “nchi inakumbuka kwa karatasi hizi. Ukilipoteza hili, wenzako watakwenda kubishana na watu huko nje bila kujua sisi wenyewe tulisema nini.”

“Nimesikia, mama.”

Kusikia nilisikia. Kuelewa kulikuja baadaye, siku niliposoma habari za Ihlen.

Nils Claus Ihlen alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Norway. Julai 1919, mkutano wa amani ukiendelea Paris baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwakilishi wa Denmark alimwendea na ujumbe kutoka kwao. Denmark haikuwa na kipingamizi Norway ikipewa visiwa vya Spitsbergen, kaskazini ya mbali. Nayo ilitaraji kwamba Norway haitakuwa na kipingamizi Denmark ikitambuliwa kuwa mwenye Greenland yote. Ihlen hakujibu siku ile, alisema litaangaliwa. Tarehe 22 Julai wakakutana tena, akajibu kwa mdomo kwamba serikali ya Norway haitaleta ugumu katika kulimaliza suala hilo. Hapakuwa na mkataba, wala saini, wala lakiri. Ila Ihlen alifanya kile ambacho mtumishi yeyote wa wizara hii hufundishwa kufanya akitoka kikaoni: aliandika dokezo fupi la alichosema, na siku aliyolisema.

Miaka 12 ikapita. Julai 1931 Norway ikatangaza kutwaa sehemu ya mashariki ya Greenland. Denmark ikaishitaki mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, The Hague, na kati ya yaliyowekwa mezani yakawemo maneno yale ya Ihlen. Hukumu ilitoka tarehe 5 Aprili 1933. Mahakama ilisema kwamba jibu la namna hiyo, likitolewa na waziri wa mambo ya nje kwa niaba ya serikali yake, akimjibu mwakilishi wa nchi nyingine juu ya jambo lililo ndani ya kazi yake, linaifunga nchi yake. Norway ikashindwa, na katika mwezi huohuo ikaachana na dai lake.

Nilipomaliza kusoma nilikaa kimya kwa muda. Sentensi moja ya mdomo, na nchi nzima imefungwa. Tangu siku hiyo sijaiona Wizara ya Mambo ya Nje kama wizara ya safari na karamu. Wizara ya ujenzi hutoa barabara, ya afya hutoa hospitali. Hii hutoa maneno, na maneno yake yana uzito ule ule wa saruji. Mkataba wa Vienna wa 1969 juu ya sheria ya mikataba umeliweka hilo wazi. Watu watatu tu huhesabiwa kuwa na mamlaka ya kuifunga nchi kwa mkataba kwa nyadhifa zao peke yake, bila kuonyesha hati ya kuwatuma: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, na waziri wa mambo ya nje. Waziri wa fedha, pamoja na hazina yote aliyoishika, haingii moja kwa moja kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo nchi inahitaji kinywa kimoja. Jambo hili linaonekana dogo mpaka utazame hali ilivyokuwa kabla. Ufaransa ya karne ya 16 ilikuwa na makatibu wanne wa mfalme waliogawana nchi za nje kama walivyogawana majimbo ya ndani: aliyeshika majimbo ya upande fulani wa mpaka alishika na majirani wa upande huo. Mwaka 1626 Kardinali Richelieu aliyakusanya mambo yote ya nje chini ya katibu mmoja. Uingereza ilichelewa zaidi ya karne moja na nusu. Hadi 1782 ilikuwa na Idara ya Kaskazini na Idara ya Kusini, kila moja na waziri wake na nchi zake. Balozi aliyeko Paris aliandika kwa bwana mmoja, aliyeko St. Petersburg kwa bwana mwingine, na mabwana hao wawili wakiwa hawaelewani, Ulaya nzima ilijua. Ndipo kazi zikapangwa upya, ya ndani kwa mmoja na ya nje kwa mwingine, na Charles James Fox akawa waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa nchi hiyo.

China nayo ilifika kwa njia yake. Kwa muda mrefu dola ya Qing haikuwa na ofisi ya mambo ya nje, kwa sababu haikuamini kwamba kuna dola zilizo sawa nayo. Wajumbe walioleta kodi ya heshima walipokelewa na wizara ya ibada na taratibu. Mambo ya Mongolia, Tibet na hata Urusi yalipitia ofisi nyingine. Baada ya kushindwa vitani, mwaka 1861 ikaundwa ofisi iliyoitwa Zongli Yamen, na mwaka 1901 mataifa ya nje yakailazimisha China kuigeuza kuwa wizara kamili, tena yenye cheo juu ya wizara nyingine. Naiona habari hii kuwa chungu. Kuwa na wizara ya mambo ya nje ni kukiri kwamba huko nje wako wenzako, wenye heshima kama yako. Wengine walikiri kwa hiari, wengine kwa mtutu.

Leo kinywa kimoja ni kanuni iliyoandikwa. Mkataba wa Vienna juu ya Uhusiano wa Kidiplomasia, uliotiwa saini tarehe 18 Aprili 1961, unasema katika kifungu cha 41 kwamba shughuli zote rasmi za ubalozi na serikali ya nchi ulipo zifanywe pamoja na wizara ya mambo ya nje au kupitia kwake, au pamoja na wizara nyingine itakayokubaliwa. Balozi wa kigeni haingii tu kwa waziri wa kilimo na kudai mkataba wa mbegu. Maafisa wa wizara nyingine hukasirishwa na utaratibu huu, nami nawaelewa, kwani barua inayopita mikono mitatu huchelewa. Ila nimekwisha kuona wizara tatu za serikali moja zikimpa mgeni mmoja majibu matatu ndani ya wiki moja. Mgeni huyo aliondoka na lile lililompendeza.

Sasa mpangilio wake. Juu yuko waziri, naye ni mwanasiasa, huja na kuondoka. Chini yake yuko katibu mkuu, mtumishi wa kudumu, na kwa macho yangu huyo ndiye mhimili wa nyumba. Kisha idara. Zipo zinazogawa dunia kwa ramani, bara kwa bara, na zipo zinazoigawa kwa mambo: mashirika ya kimataifa, uchumi na biashara, usalama, mazingira. Aina hizi mbili hugombana kila siku, na ni vizuri zigombane. Idara ya eneo humjua jirani na hofu zake, ya mambo huujua mkataba na vifungu vyake. Bila ya kwanza utasema kweli isiyosikika, bila ya pili utamridhisha mwenzako kwa kitu ambacho huna haki ya kutoa. Utawala, uhasibu, ukaguzi na mawasiliano ya siri vipo kama katika ofisi yoyote kubwa.

Yule ninayetaka umwone kwa karibu ni afisa dawati. Ana nchi moja, au tatu, au saba kama wizara ni maskini. Tuseme waziri anakutana kesho na mwenzake wa nchi iliyo chini ya dawati hilo. Usiku huu afisa ana majalada manne wazi mbele yake. Anaandika kurasa mbili, kwa kuwa waziri hatasoma ya tatu: tunataka nini, wao watataka nini, wakiuliza hili tujibu vipi, na lipi tusiliguse kabisa. Sentensi ya mwisho ameiandika mara tano. Alianza na “tunaunga mkono”, akafuta, akaweka “tunakaribisha”, akafuta, akaweka “tumepokea kwa kuzingatia”. Kwa msomaji wa gazeti maneno hayo yote ni uji mmoja. Kwa ubalozi utakaoyasoma kesho, la kwanza ni ahadi, la pili ni urafiki usio na gharama, la tatu ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Akikosea hapo, hakuna saruji itakayopasuka wala daraja litakaloanguka, na kosa litaonekana baada ya miaka 12, mahakamani.

Karibu naye hukaa kitengo cha sheria, ambacho hutunza mikataba yenyewe, zile nakala halisi zenye utepe na lakiri, na kuiandikisha Umoja wa Mataifa. Si urasimu wa bure: Hati ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 102, inasema kwamba mkataba usioandikishwa hauwezi kutumiwa na wahusika wake mbele ya chombo chochote cha umoja huo.

Itifaki ndiyo idara inayodharauliwa kuliko zote, nami nitaitetea mpaka mwisho. Watu hudhani ni kazi ya kupanga viti. Ni kweli, inapanga viti, na sababu yake imeandikwa kwa damu. Tarehe 30 Septemba 1661 balozi mpya wa Sweden aliingia London, na desturi ilikuwa mabalozi wengine wapeleke magari yao ya farasi kumsindikiza. Gari la Hispania na gari la Ufaransa yote yalitaka kumfuata nyuma moja kwa moja. Watu wa pande mbili wakapigana barabarani, wakafa watu na farasi. Wahispania walikuwa wamejipanga, hatamu zao wamezitia minyororo ndani ili zisikatike kwa panga, basi wakaipata nafasi. Mfalme Louis wa 14 alitishia vita, na mwaka uliofuata Hispania ikakubali kumpisha. Mataifa mawili yalikaribia kuingia vitani kwa ajili ya nafasi ya gari katika msafara.

Dawa ilipatikana Vienna mwaka 1815, na ni dawa nzuri mno kwa urahisi wake: mabalozi wa daraja moja watatanguliana kwa tarehe waliyoripoti rasmi. Basi. Utajiri hauhesabiwi, wala majeshi, wala ukale wa ufalme. Mkataba wa 1961 ukaendelea na kanuni hiyo, wenye kuhesabu siku na saa ya kuanza kazi, ambayo kwa nchi nyingi ni siku balozi anapowasilisha hati za utambulisho. Ndiyo sababu afisa itifaki huandika hata saa. Balozi wa kisiwa cha watu 10,000, akiwa amemtangulia kufika, hukaa mbele ya balozi wa dola yenye manowari za nyuklia. Sijui mahali pengine duniani ambapo usawa wa mataifa umekaa kwenye kiti ukaonekana kwa macho.

Kutoka hapo natelemka ghorofa ya chini, kwenye dirisha la huduma za kikonseli. Hapa hakuna karamu. Yuko mzazi ambaye mwanawe amefungwa ughaibuni, mjane anayetaka mwili wa mumewe urudishwe, binti aliyenyang'anywa pasipoti na mwajiri. Katika wizara nyingi maafisa vijana huikimbia idara hii kwa sababu haimleti mtu karibu na waziri. Nadhani wamekosea kabisa. Raia wa kawaida huionja wizara hii mara moja maishani, na huionja dirishani hapo.

Kesi ya ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, ndiyo iliyonifundisha uzito wa dirisha lile. Walikuwa raia wa Ujerumani, waliokulia Marekani. Walikamatwa Arizona mwaka 1982 baada ya kumuua mtu katika jaribio la kuiba benki. Mkataba wa Vienna wa 1963 juu ya uhusiano wa kikonseli, kifungu cha 36, unataka mgeni anayekamatwa aambiwe, bila kuchelewa, kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa. Hawakuambiwa. Ubalozi mdogo wa Ujerumani ulipata habari mwaka 1992 kutoka kwa ndugu hao wenyewe, waliokuwa wameijua haki hiyo kwa njia nyingine, na tayari walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo. Karl aliuawa Februari 1999. Ujerumani ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mahakama ikaamuru hatua zote zichukuliwe Walter asiuawe kabla ya kesi kumalizika; akauawa usiku wa siku hiyohiyo, tarehe 3 Machi. Hukumu ya 2001 ilisema Marekani ilikuwa imevunja wajibu wake. Walikuwa na hatia ya mauaji, hilo halina ubishi. Lakini kwa miaka 10 kulikuwa na simu moja ambayo hakuna aliyepiga, na afisa mmoja ambaye angeipokea alikuwa kazini siku zote hizo.

Balozi zenyewe ni macho na masikio. Kazi yake kubwa ni kuandika nyumbani hali ilivyo, hata isipopendeza. Februari 1946 George Kennan, aliyekuwa akiushikilia ubalozi wa Marekani mjini Moscow, alituma simu ya maandishi ya maneno zaidi ya 5,000 kueleza watawala wa Kisovieti wanaionaje dunia, na waraka ule ukageuza fikra za serikali yake kwa miaka mingi. Na ili watu wa namna hii waweze kuandika wanachokiona, dunia imekubaliana kuwalinda. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mkataba wa 1961 ulichofanya ni kuyatandaza maneno hayo mawili katika vifungu 53. Hata mataifa yakivunja uhusiano, mlango haufungwi wote. Tangu 1980 Uswisi imekuwa ikiangalia maslahi ya Marekani nchini Iran, ikibeba barua za watu wasiosalimiana.

Kinachonitia hofu ni viongozi kuiruka wizara yao. Kupigiana simu wakuu wa nchi si vibaya, mara nyingine huokoa siku nzima ya barua. Vibaya ni kupigiana bila mwandishi wa dokezo. Oktoba 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli zilikubaliana kwa siri, kwenye nyumba moja ya Sèvres karibu na Paris, jinsi ya kuivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez. Mshauri mkuu wa sheria wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza aliwekwa mbali, kwa kuwa ilijulikana angesema ni haramu. Waziri Mkuu Anthony Eden alipojua kwamba makubaliano yametiwa saini kwenye karatasi, aliamuru nakala ziharibiwe. Ya kwake iliharibiwa, ya Waisraeli ikabaki. Desemba akaliambia Bunge kwamba hakujua kabla kuwa Israeli ingeshambulia. Januari 1957 alijiuzulu, na ile nakala iliyobaki ikaja kumuumbua hadharani.

Nami nina kisa changu, kidogo sana ukikipima na hicho, cha wizara ya nchi ambayo sitaitaja. Ujumbe wetu ulikuwa nje kwenye mazungumzo na jirani. Siku ya pili wenyeji wakatoa nakala ya barua ya miaka 11 nyuma, yenye saini ya upande wetu, iliyokubali jambo ambalo wajumbe wetu asubuhi ile walikuwa wamelikataa kwa sauti kubwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona. Wakaomba mapumziko, na saa nne usiku simu ikalia kwa mkuu wa masijala, naye akaniita mimi.

Jalada lilikuwepo. Barua haikuwepo, folio ya 46 ilifuatiwa na ya 48. Tulitafuta rafu kwa rafu, mimi nikisoma namba kwa sauti, yeye akikagua daftari. Karibu saa nane tuliikuta ndani ya jalada la nchi nyingine kabisa, kwa kuwa mtu fulani, zamani, alikosea tarakimu moja ya namba ya jalada. Na nyuma yake ilibanwa karatasi ambayo wenyeji hawakuionyesha, labda nao walikuwa wameipoteza: jibu lao la miezi mitatu baadaye, linalosema kwamba kukubali kwetu kuna sharti, na kwamba wao wamelipokea sharti hilo.

Niliisoma kwenye simu neno kwa neno, mara mbili, na kiongozi wa ujumbe akawa anaandika upande wa pili. Mwanzoni sauti yake ilikuwa imechoka; alipofika kwenye neno sharti aliniomba nirudie.

Nilipoiweka simu chini, mama alikuwa amekwisha kuifunga folio ya 47 mahali pake na kulifungua daftari la majalada yaliyotumika. Akanisogezea kalamu.

“Andika na saa,” akasema.